Mistari Miwili Ambayo Sikuikwangua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa stuli isiyo na mgongo, wembe mpya, na onyo kwamba jasho langu lisidondoke juu ya kitambaa. Nilikuwa kijana wa kutoka Maragoli, nimevaa viatu vya binamu yangu Yohana vilivyonipwaya, na ngazi za jengo lile la katikati ya Nairobi nilizipanda kwa kunyata ili visinivuke. Ofisi ilikuwa orofa ya juu kabisa, mahali penye mwanga. Jina lake silitaji. Waliofanya kazi mle wengi wamelala, lakini wana wajukuu, na wajukuu wa siku hizi wanasoma kila kitu.

Ilikuwa ofisi ya kuchora majengo, chumba kimoja kirefu kama kanisa la kwetu. Mwisho wake, nyuma ya kioo, walikaa Wazungu kwenye viti vyenye mikono. Katikati walikaa Waasia kwenye stuli zenye mgongo. Karibu na mlango tulikaa sisi Waafrika, na stuli zetu zilikuwa hazina kitu cha kuegemea. Kwa miaka nilitafuta karatasi iliyoandikwa amri hiyo ya migongo, nisiione. Seremala alijua tu, kama vile karani wa stoo alivyojua kwamba Mwafrika hapewi wino mwekundu wala wa buluu. Nyinyi vijana mnaposoma siasa za miaka ya hamsini mnafikiri ubaguzi ulikaa kwenye hotuba. Mwingi wake ulikaa stoo.

Kazi yangu iliitwa ufuatishaji. Mchoraji huchora kwa penseli kwenye karatasi nene. Mfuatishaji hutandika juu yake kitambaa chembamba kilichopakwa wanga mpaka kikapitisha macho, hukisugua kwa unga wa chaki ili wino ushike, kisha hufuata kila mstari kwa kalamu ya midomo miwili, ambayo unene wa mstari wake hupangwa kwa skrubu. Kutoka kwenye kitambaa hicho hutolewa nakala za buluu, na nakala hizo ndizo fundi wa kujenga huzishika. Ukikosea unakwangua mstari kwa ncha ya wembe, polepole, kisha unasugua pale kwa ukucha mpaka pang'ae, la sivyo wino unaofuata utasambaa. Mfuatishaji hasahihishi wala haongezi. Kuchora kulikuwa kazi ya Waasia, kuamua kulikuwa kazi ya Wazungu, na Mwafrika hakuwekewa ngazi ya kumtoa kwenye kitambaa kumpeleka kwenye karatasi.

Aliyenifundisha alikuwa Mchoraji Mkuu, Kalasinga mwenye ndevu za mvi alizozifunga kwa wavu zisifagie wino. Tulimwita Sardar, naye akatuita fundi hata tulipokuwa hatujui kitu. Alikuwa mkali. Siku hiyo ya kwanza alinikwanguisha mstari mmoja mara nne, na wa tano akautazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna. Kuguna kwa Sardar kulikuwa cheti. "Hapana kimbiza kalamu," aliniambia. "Kalamu iko na miguu yake." Nilimpenda mzee yule kabla sijajua kwamba nampenda.

Juu yake alikuwa Bwana Mhandisi, ambaye sisi tulimwita Bwana Futi kwa sababu ya rula ya kukunja aliyokuwa nayo mfukoni hata kanisani. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili nikijua mtaninyooshea kidole. Nilipougua malaria alinipeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, ijapokuwa alinikalisha nyuma pamoja na mbwa. Mwandiko wangu ulipompendeza aliwaita wenzake waje kuuona, akawaambia nina mkono kama wa Mzungu. Alidhani amenipa zawadi, na kwa miezi kadhaa nami nilidhani hivyo.

Sasa niwaeleze jinsi siasa ilivyofika mezani kwetu. Huko juu kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa imeamua kwamba watu wa aina tatu wanahitaji nyumba za aina tatu. Kwa hiyo kabati letu lilikuwa na droo tatu. Mfano wa A ulikuwa wa Mzungu: sebule yenye meko, vyumba vya kulala, bafu na jiko. Mfano wa B ulikuwa wa Mwasia: vyumba viwili na jiko. Mfano wa C ulikuwa wa Mwafrika: chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Jiko hapakuwapo, kwa hoja kwamba Mwafrika wa mjini ni mwanamume peke yake. Mkewe yuko shambani, na mwanamume peke yake hupikia popote. Hoja hiyo haikuandikwa kama tusi. Iliandikwa kwa lugha ya adabu, ikapigwa mhuri, ikageuka vipimo, na vipimo vikaja kwangu nivitie wino.

Mfano wa A ulikuwa pia na kijumba cha mtumishi nyuma, ambacho wote tulikiita kwota. Dirisha la kwota lilikaa juu karibu na paa, upande usiotazama nyumba kubwa, ili mtumishi asiwaone wenye nyumba wakinywa chai bustanini. Mchoro huo niliufuatisha mara nyingi bila kuufikiria. Ulikuwa na mistari michache, unaumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Na mimi mwenyewe nililala ndani ya kwota kama hiyo. Yohana alikuwa mpishi wa Wazungu fulani upande wa Woodley, na memsahibu alikubali nikae naye kwa kuwa, alisema, karani haibi kuku. Kila asubuhi nilishika Ngong Road kwa miguu hadi mjini. Mke wangu Berita alibaki Maragoli. Tulikuwa tumeoana kanisani, tukawa tunaonana Krismasi. Halafu akaniandikia kwamba ana mimba, kwamba ile ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake, na kwamba hii hataibeba peke yake. Hakuniuliza nasemaje. Barua ilipofika, mwandishi wake alikuwa tayari ndani ya treni.

Yohana akahamia kwa rafiki yake ili atuachie chumba. Berita aliingia, akakipima kwa hatua zake, akapanda juu ya sanduku langu la bati na kunyoosha shingo, na bado hakuona kitu nje isipokuwa mawingu. Akashuka.

"Huyu aliyeweka dirisha huko juu," akaniuliza bila hasira, "alikuwa anamfikiria nani?"

Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tena, nikajifanya natafuta kiberiti.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Memsahibu alikuwa mkarimu zaidi, alimpa siku saba. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na sweta ndogo ya mtoto aliyoifuma kwa mikono yake, akampa Berita, akampapasa bega, kisha akasema kwamba kwota si kijiji na wiki ijayo awe ameondoka. Sweta ile ilikuwa nzuri. Mtoto aliivaa mpaka ikachakaa, na mpaka leo sijui nimshukuru vipi yule mama.

Nikaenda kwa Bwana Futi kuomba chumba cha kazi ambacho ningekaa na mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kiko mdomoni, akasema kwa huruma kabisa:

"Bibi yako iko shamba, iko na mahindi, iko na mama yako. Wewe iko kazi. Hii ndiyo desturi ya watu yako, na mimi hapana taka haribu desturi."

Alikuwa anatulindia desturi. Nilitaka kumwambia kwamba kwetu mwanamume anayemwacha mke mwenye mimba alale peke yake kwa hiari huchekwa na wazee pamoja na wake zao. Nikamwambia asante, bwana, nikarudi kwenye stuli yangu.

Mezani palikuwa pananingoja kazi ya haraka: nyumba za mfano wa C, safu moja ndefu ya wafanyakazi wa barabara, upande wa Uthiru. Kielelezo kilikuwa kimoja, na fundi angekirudia nyumba baada ya nyumba. Sasa, meza zetu zilikuwa za mbao laini zilizojaa matundu ya pini, na kalamu ikipita juu ya tundu hutoboa kitambaa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kuiacha karatasi ya kazi iliyopita pale chini iwe godoro. Kazi yangu iliyopita ilikuwa mfano wa A. Karatasi ya A ilikuwa pana, ya C ilikuwa finyu, na mchoro wa Mzungu ulichungulia kutoka chini ya mchoro wa Mwafrika pembeni kote.

Nilianza na ukuta wa nyuma wa C. Ukuta huchorwa kwa mistari miwili sambamba. Kalamu ilifika pembeni, ikavuka ukingo wa karatasi, ikaukuta ukuta mwingine wa vipimo vilevile, ikaendelea nao kona baada ya kona. Mimi nilikuwa nawaza treni ya kumrudisha Berita. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimekifungia chumba kile jiko la Mzungu mgongoni.

Kosa lilikuwa la kweli, na nataka lijulikane hivyo, maana baadaye wenzangu walinipa sifa ya ujasiri ambayo sistahili. Nilichukua wembe papo hapo, nikaiweka ncha yake kwenye mstari. Hapo ndipo mkono uliposita. Nikaitazama ile mistari miwili, nikamwona Berita amesimama katikati yake na mwiko. Kwa kama dakika mbili kosa lilikuwa la bahati mbaya. Baada ya hapo lilikuwa langu. Niliurudisha wembe kwenye karatasi yake, nikasogeza rula, nikaacha nafasi ya mlango kati ya chumba na jiko.

Nilijua ninachokichezea. Mfuatishaji aliyeongeza mstari alifukuzwa siku hiyohiyo, na katika ile hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali kwa sababu ya vita vya msituni, Mwafrika asiye na kazi hakuwa na karatasi ya kumweka Nairobi. Stuli iliyokuwa jirani yangu ilikuwa imebaki tupu tangu asubuhi moja ya msako. Ilikuwa ya kijana wa Kiambu mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, na hakuna aliyethubutu kuuliza yuko wapi.

Kila kitambaa kilipita kwa Sardar, naye alitia alama ya penseli nyekundu kwenye kila mstari alioukagua. Aliweka alama, akaweka alama, akafika kwenye jiko. Penseli ikasimama.

"Ukuta hii nani naweka?"

"Mimi, Sardar. Nilifuata karatasi ya chini."

"Wembe iko?"

"Iko, Sardar."

"Basi kwa nini hapana kwangua?"

Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini: mimba, dirisha, siku saba, na desturi yangu ambayo Bwana Futi aliijua kuliko mimi. Habari zake mwenyewe ofisi nzima ilizijua. Nyumba nyingi za mitaa ya magharibi zilikuwa kazi ya mikono yake, na alipotaka kununua kiwanja kimoja huko kwa fedha zake halali, alionyeshwa hati inayosema Mwasia hawezi kukaa hapo isipokuwa akiwa mtumishi. Alibaki Ngara na watoto wake sita katika vyumba viwili.

Mwishowe akagonga jiko langu kwa penseli. "Hii hapana bomba ya moshi," akasema. "Mama tapika, moshi taenda wapi? Macho taumwa. Hii ndiyo kosa." Akafungua droo, akatoa kalamu yake mwenyewe yenye mpini wa pembe, akaniwekea mkononi. "Chora."

Hakusema fuatisha. Nilichora dohani, mstari wangu wa kwanza maishani ambao haukuwa na mstari wa mtu mwingine chini yake. Sardar akautazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaguna, akatia alama nyekundu.

Bwana Futi alitia sahihi bila kufungua. Michoro ya C hakuna mkubwa aliyejisumbua kuitazama, na kwa mara moja dharau ilitufaa. Berita aliondoka kwa treni siku ya saba kama alivyoamriwa. Stesheni sikumwambia kitu kuhusu mchoro, kwa kuwa ahadi mbovu ni mbaya kuliko kimya. Nilimwambia tu asinyanyue maji.

Wiki sita baadaye Bwana Futi alikwenda Uthiru kukagua ujenzi, akakuta safu nzima imefika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango, na kila nyumba ina jiko. Alirudi akatuita mimi na Sardar nyuma ya kioo, rula yake imekunjuliwa yote, akauliza ni nani. Nilifungua mdomo. Sardar alinikanyaga mguu, kwa nguvu, akasema kwamba ni yeye aliyeagiza, na kwamba mfuatishaji hufuata. Ngazini nilimlaumu. Alikuwa akitarajiwa kupandishwa kuwa msaidizi wa mhandisi, na sasa ndoto hiyo ameitia maji.

"Cheo hiyo mimi hapana pewa hata nikichora mbingu," akanijibu. "Lakini wewe tapewa. Siku moja. Wewe ngoja tu, na usipoteze hii mkono."

Kamati ikakaa. Tulikaa siku nyingi tukisubiri barua za kufukuzwa, na nilipiga mistari michafu kuliko yote niliyopata kupiga. Kisha asubuhi moja Bwana Futi alitoka nyuma ya kioo akitabasamu. Kumbe huko juu upepo ulikuwa umegeuka. Wakubwa walikuwa wakihofia vita vya msituni, na mmoja wao alikuwa amewashawishi wenzake kwamba Mwafrika mwenye mke na sufuria mjini hawezi kuingia porini. Walikuwa wakitafuta mahali pa kujaribia nyumba za familia, na hizi zetu zilikuwa zimeshafika kwenye linta. Bwana Futi akapongezwa kwa kuona mbali. Alizipokea pongezi, akatukwepa macho siku mbili, na siku ya tatu akaniita akanipa ufunguo wa nyumba ya mwisho katika safu. "Lete bibi," akasema.

Nilifurahi mpaka nikasahau kofia yangu pale ofisini. Lakini njiani nililifikiria jambo lile, na bado nalifikiria. Jana tulikuwa watu wasiohitaji wake. Leo tulikuwa watu wa kutulizwa kwa wake. Sera ilikuwa imegeuka kutoka huku kwenda huku, na katika mzunguko wake wote hakuna mtu aliyemwuliza Berita anataka nini. Hofu ilikuwa imekaa kwenye kiti cha dharau, basi, na kiti ni kilekile chenye mikono.

Wahenga husema kosa moja haliachi mke. Langu lilimrudisha. Alikuja na tumbo kubwa na jogoo kwenye kikapu, akawasha moto jikoni, akatoka nje kuangalia moshi ukipanda kutoka juu ya paa, akarudi ndani. Nikamsikia anaimba.

Sardar alikuja Jumapili moja na kifurushi cha vitamutamu vya jalebi. Alizunguka nyumba kwanza, akainua shingo, akaapa kwamba dohani yangu imelala kushoto. Kisha akaingia kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye kigoda, na Berita akampa chai katika kikombe kimoja tulichokuwa nacho. Miaka yote hiyo mimi na yeye tulikuwa tumekunywa chai ya birika mbili tofauti ndani ya chumba kimoja. Alikunywa akamaliza. Akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, akaomba cha pili, na mimi ilinibidi nigeuke niangalie ukuta.

Kageha, kifungua mimba wetu, alizaliwa katika nyumba ile. Mimi nilipandishwa kuwa mchoraji bendera ilipobadilika, na baadaye Mchoraji Mkuu. Sardar alikuwa amestaafu akaenda kuishi na wanawe ng'ambo. Aliniachia ile kalamu ya mpini wa pembe bila barua. Nilipokalia meza yake, amri yangu ya kwanza ilikwenda kwa seremala, kuhusu stuli. Akaniuliza azitie ngapi migongo. Nikamwambia zote.

Sasa niko Mutuini, nina kipande changu cha shamba, macho yamepungua lakini mkono bado haujanikana. Nilidhani habari hizi zimekwisha. Mwezi uliopita Kageha aliniletea ramani ya vyumba vya kupangisha anavyotaka kujenga mbele ya boma. Nikavaa miwani. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha dogo juu karibu na paa. Nikamwuliza jiko liko wapi.

"Baba, hii ni ya kupangisha tu," akasema. "Ni watu wa mjengo, wengi ni hawa wa kwetu wametoka huko Western. Wako tu solo, mabibi wako ushago, huko shamba. Watapikia tu kwa stovu hapo kando ya kitanda."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa adabu, kama ilivyoandikwa mara ya kwanza. Berita alikuwa mlangoni anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Kageha," akasema, "huyu aliyeweka dirisha huko juu, alikuwa anamfikiria nani?"

Binti yangu akamtazama mama yake, kisha ile ramani. Mimi nikaenda chumbani, nikatafuta chini ya vitabu mpaka nikaipata ile kalamu, nikaifuta kwa shati, nikarudi nikamwekea mkononi.

"Chora," nikamwambia. "Anza na bomba la moshi."